Silaha Iliyofichwa na Shura Iliyoachwa: Mawaidha ya Ijumaa, Kashaulili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai kuwa amana, akaiharamisha damu ya kila mmoja wetu isimwagwe ila kwa haki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na wote waliofuata njia yao kwa wema.

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wangu, na mama zetu mnaosikiliza nyuma ya pazia!

Najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyote, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo vibarazani hunong'onwa kila siku, lakini akisimama kiongozi kuliuliza, kila mtu hutazama chini. Jambo lenyewe ni silaha zilizomo majumbani mwetu kinyume cha sheria. Na pamoja nalo ni wajibu tuliouacha: wajibu wa kukaa, kuulizana na kushauriana jinsi ya kuulinda mtaa wetu. Mambo haya mawili hayatengani. Silaha hukaa salama mahali ambapo watu hawaulizani.

Ndugu zangu, hapa Mpanda hatuzungumzi habari za mbali. Mkoa wetu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini habari za bunduki katika nchi hii ni za zamani kuliko mkoa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipita kati ya Unyanyembe na Ziwa Tanganyika, na gobore zilikuja na misafara hiyo. Mtemi Mirambo wa Urambo, kaskazini yetu, alijenga nguvu yake kwa rugaruga, wapiganaji wake, waliobeba bunduki za aina hiyo. Mirambo amefariki tangu mwaka 1884, na gobore haijafariki. Bado inafuliwa, bado inauzwa gizani, bado inaingia porini usiku.

Sababu ziko wazi. Tuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 4,400, yenye nyati, viboko na tembo. Penye nyamapori na pembe, bunduki hufuata. Upande wa magharibi tuna ziwa, tuna Karema na Ikola, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilitawanya silaha za kivita katika ukanda wote wa Maziwa Makuu, na maji hayana ukuta. Ndiyo maana katika nchi yetu hii, pamoja na gobore ya mwindaji, pametokea pia bunduki za kivita mikononi mwa majambazi wanaoteka magari barabarani na kuvamia maduka.

Na hapa mjini tumelijua balaa jingine. Tumesikia makundi ya vijana waliojipa majina ya kutisha, Damu Chafu, Kaburi Wazi, wakitembea na mapanga, wakijeruhi watu kwa simu ya mkononi au kwa noti chache. Panga ni chombo cha shamba, halihitaji kibali, na kila nyumba inalo. Lakini linapobebwa usiku ndani ya koti, limekwisha kuwa silaha. Na vijana hawa hawakushuka kutoka mawinguni. Wana mama, wana baba, wana jirani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tumtazame Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Yeye aliishi katika jamii ambayo kila mwanamume alikuwa na upanga, na hakuwa mtu wa kuogopa silaha. Lakini angalieni adabu aliyowafundisha watu wenye silaha. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba aliamuru mtu akipita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu kwa bahati mbaya. Akakataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, hata kama ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa sababu hajui, huenda shetani akauponyoa mkono wake. Imepokewa pia kwa sahaba Jabir kwamba alikataza watu kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Na aliyetubebea silaha sisi Waislamu, Mtume alimtoa katika safu yetu.

Zingatieni, ndugu zangu. Mishale, tena imebebwa mchana, mbele za watu, na mtu anayejulikana, bado Mtume anasema shika ncha. Je, ile isiyojulikana, iliyojazwa baruti na kufichwa?

Iangalieni gobore hiyo ilivyo. Bomba la chuma, kitako cha mti kilichochongwa kwa mkono, imefungwa kwa mpira wa baiskeli mahali ilipolegea, imeviringishwa kwenye mfuko wa salfeti na kusukumwa juu ya dari. Haina kufuli ya usalama. Aliyeificha anajua kwamba imejazwa. Mkewe anajua kwamba kuna kitu juu ya dari na ameambiwa asiulize. Mtoto wa miaka saba anayepanda kutafuta mpira wake hajui lolote. Msiba ukitokea katika nyumba hiyo tutakusanyika, tutasema ni kadari ya Mungu, tutazika. Kadari ni haki na tunaiamini. Lakini baba yule ataulizwa alifanya nini na amana aliyopewa, na jirani aliyejua akanyamaza naye ataulizwa.

Najua hoja zinazosemwa, maana nazisikia. Wa kwanza anasema: "Hii ni ya marehemu babu, ni kumbukumbu." Ndugu yangu, babu anakuhitaji umwombee dua na umtolee sadaka. Bunduki yake haimfikishii thawabu yoyote kaburini, na ikiua mtu itakufikishia wewe dhambi.

Wa pili anasema: "Ni ya kulinda mifugo na shamba." Kulinda mali ni haki, na anayekufa akitetea mali yake Mtume amempa daraja la shahidi. Lakini haki ina mlango wake. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwenye haja ya kweli huomba kibali, huchunguzwa, silaha yake hutiwa alama na kuandikwa. Asiyefuata mlango huo ajue anachokaribisha nyumbani. Kumiliki silaha bila kibali huhesabiwa pia katika makosa ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu ya makosa hayo ni kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Miaka 20 kwa ajili ya bomba la chuma. Mtoto uliyemwacha ananyonya utamkuta ana mtoto wake.

Wa tatu anasema: "Majambazi wanazo, na mimi niwe nayo." Huyu namwelewa, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Lakini nimkumbushe habari ya sungusungu, ambayo ndugu zetu Wasukuma na Wanyamwezi tunaoishi nao hapa wanaijua kuliko mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipowazidi, kijiji kizima kilikubaliana: ikilia filimbi, kila mtu anatoka, na mwizi anafuatwa kwa nyayo kutoka kijiji hadi kijiji. Nguvu yao ilikuwa makubaliano. Mtu mmoja mwenye bunduki chumbani angefanya nini mbele ya genge? Serikali yenyewe ikawatambua kisheria mwaka 1989. Lakini tuseme na upande wa pili, maana haki husemwa yote. Penye sungusungu palikuwa pia na vipigo, na wako walioteswa na kuuawa kwa tuhuma tu. Umoja usio na haki huishia kuwa dhuluma ya watu wengi dhidi ya mtu mmoja.

Ndugu zangu, wako watakaosema kazi hii ni ya polisi, waje wapekue, wakamate, basi. Ni kweli kazi ya dola ni ya dola, na mtu binafsi hana ruhusa ya kuvunja mlango wa mwenzake. Lakini nguvu inayoingia bila kuuliza, hata ikiwa na nia njema, hugonga nyumba isiyo yake. Tulijifunza hilo nchi nzima mwaka 2013. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Lengo lilikuwa la haki, tembo walikuwa wakiteketea kwa bunduki haramu. Lakini mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa, kwa sababu ya malalamiko ya wananchi kupigwa, kudhalilishwa, kunyang'anywa mifugo, na wengine kupoteza maisha. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikachunguza, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakaondoka madarakani: wa Maliasili, wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi na wa Mifugo. Jangili mkubwa alijua pa kukimbilia. Aliyepigwa ni mfugaji aliyekutwa na ng'ombe wake.

Ni nani angeweza kuwaonyesha askari wa operesheni ile tofauti ya jangili na mfugaji? Ni watu wa pale pale, kama wangekaa nao na kuwauliza, na kama watu wenyewe wangekubali kusema. Shura, yaani kushauriana, ingeokoa damu, ingeokoa pia heshima ya dola.

Na shura, ndugu zangu, kwetu sisi ni amri. Katika Sura ya Ash-Shura, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anawasifu waumini, na katikati ya sifa ya kusimamisha Sala na sifa ya kutoa katika walivyoruzukiwa, ameiweka sifa ya kuendesha mambo yao kwa kushauriana. Baina ya Sala na sadaka! Basi mwenye kudumu na Sala safu ya kwanza, lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa anasema hauna maana, ajitazame upya.

Nikupeni mashauri matatu katika maisha ya Mtume, na yote matatu yalikuwa mashauri ya usalama.

La kwanza ni la Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Maquraishi wamekuja, na Mtume mwenyewe alielekea kubaki ndani ya Madina. Vijana, hasa wale waliokosa vita vya Badr, wakasema tutoke tupambane nao nje. Akawasikiliza, akatoka. Yakatokea yaliyotokea: wapiga mishale wakaacha mlima, masahaba 70 wakauawa, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Mwanadamu wa kawaida angesema, kuanzia leo siwaulizi tena vijana. Lakini ni baada ya msiba huo huo ndipo iliposhuka aya ya 159 ya Sura ya Aal Imran, ikimwamuru awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kuwashauri. Aendelee! Shura haifutwi kwa sababu mara moja ilileta uchungu. Basi nyinyi wazee mnaosema vijana wa vijiweni hawana la kusema, Mtume aliwauliza vijana kabla ya Uhud, na Mola wake akamwamuru awaulize baada ya Uhud. Dereva wa bodaboda anayelala saa nane usiku anajua ni nani anapanda na nini kwenye begi kuliko sisi tuliolala baada ya Isha. Kijana aliyewahi kuvutwa kwenye kundi la mapanga na akatoka, huyo anajua wanavyokusanyana na nani anawanunulia bangi. Tusipomuuliza sisi, genge litamuuliza.

La pili ni la Khandaq, mwaka wa 5. Madina imezingirwa na makabila. Ni nani aliyetoa shauri la kuchimba handaki? Salman, Mfursi, mtu wa kuja, aliyewahi kuuzwa utumwani, asiye na ukoo wa kumsemea pale mjini. Mtume hakumwambia wewe si wa hapa. Alishika jembe akachimba pamoja nao. Ndugu zangu, mkoa wetu una watu wa kuja. Katumba na Mishamo zilipokea maelfu ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Wamezaa hapa, wamelima hapa, wamelisha masoko yetu, na wengi wao wamekuwa raia wenzetu, wakapewa vyeti vyao kuanzia mwaka 2014. Hata hivyo, bunduki ikisikika tu, ulimi wa mtu unakimbilia kusema ni "wale". Watu waliokimbia silaha ndio tunaowafanya wenye silaha! Hiyo ni dhana mbaya iliyokatazwa katika Sura ya Al-Hujurat. Na zaidi ya dhambi, ni hasara, kwa sababu aliyeona nchi yake ikiangamia anajua dalili ambazo sisi hatujaziona. Tuwaite barazani kama Mtume alivyomwita Salman.

La tatu ni la Hudaibiya, mwaka wa 6. Masahaba wamevunjika moyo, wameamrishwa wachinje wanyama wao na wanyoe, na hakuna anayeinuka. Mtume akaingia hemani kwa Mama wa Waumini Umm Salama akamweleza. Yule mama akatoa rai: toka, usimsemeshe mtu, chinja mnyama wako, nyoa nywele zako. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Mgogoro wa msafara mzima uliondolewa kwa rai ya mwanamke mmoja. Mama zetu walio nyuma ya pazia, nyinyi ndio mnaojua kilichomo juu ya dari. Nyinyi ndio mnaojua mtoto amerudi saa ngapi na nguo yake ina nini.

Na msidhani hayo ni ya zamani tu. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kati ya mwaka 1992 na 1993 koo za Waislamu zilikuwa zikiuana. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na bunduki zikavuka mpaka. Wanawake wachache, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, wakaanza mahali padogo kabisa: sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kuzuiwa wala kutukanwa, na likitokea neno waitane walimalize. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, wakawaleta vijana, wakawaita wafanyabiashara na viongozi wa serikali. Mwaka 1993 wazee wa koo wakatia saini azimio la amani la Al-Fatah, na mwaka 1995 kamati yao ikaingizwa katika utaratibu wa wilaya. Dekha, Mungu amrehemu, alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Mfano wa kamati ile ukafuatwa katika wilaya nyingine za Kenya. Sokoni, ndugu zangu. Na sisi hapa soko tunalo.

Sasa tukae vipi? Maana kushauriana nako kuna adabu, na kukivurugwa kunaleta fitina.

Kwanza, baraza ni amana. Mtume amefundisha kwamba vikao hukaliwa kwa uaminifu, na kwamba anayeombwa ushauri ameaminiwa. Mtu akitaja jambo la silaha mbele ya kamati, kisha jioni jina lake likasikika kwenye kijiwe cha kahawa, wote mliokuwamo mmekhini. Na akija kudhuriwa, mna sehemu katika damu yake. Watu wetu hawanyamazi kwa sababu ni wabaya. Wananyamaza kwa sababu waliwahi kusema siri ikavuja.

Pili, tujihadhari na kura za siri za kutaja wahalifu. Mnazijua: watu wanakusanywa uwanjani, kila mmoja anapewa karatasi, anaandika jina. Nakiri zimewahi kutaja waovu wa kweli. Lakini karatasi ile haiulizi umeona nini, umeona lini, umejuaje. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anaandika jina la jirani. Mwenye deni anaandika jina la mdai. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anaandikwa mchawi, na tunajua vikongwe wangapi wameuawa kwa mapanga ya kukodiwa katika mikoa hii ya magharibi kwa neno hilo hilo. Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuithibitishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukabaki kujuta. Basi anayepokea majina ayapokee kama fununu ya kuchunguzwa, asiyapokee kama hukumu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na mahali na nyakati. Kaeni mama kumi na balozi wa nyumba kumi, chukueni kijiti, choreni mtaa wenu mchangani. Hapa kisima, hapa shule, hapa reli, hapa msikiti. Kisha ulizaneni: binti anaogopa kupita wapi, na saa ngapi? Taa imekufa wapi? Pagala lipi lina watu usiku? Milio ilisikika upande gani? Bila kutaja jina la mtu hata mmoja mtakuwa mmempa mtendaji wa kata na polisi kata kazi ya mwezi mzima. Na mama wakae peke yao kwanza, na vijana peke yao, kwa saa wanayoweza kuja. Mkutano ukiitwa saa moja usiku, mama mwenye watoto hawezi kufika, na anayeogopa kichochoro hawezi kufika kuja kusema anaogopa kichochoro.

Tatu, nawaambia wenye mamlaka, kwa heshima yote. Kiongozi anayekuja na jibu mfukoni akaomba mikono inyooshwe, huyo ametangaza, hajashauriana. Ulizeni, andikeni, kisha rudini mseme: mlituambia hili, tumefanya hili, na hili tumeshindwa kwa sababu hii. Watu wakiulizwa mara mbili bila kurudishiwa jibu, mara ya tatu hawaji. Na askari atakayeitumia habari ya raia kumtoza rushwa mtuhumiwa badala ya kumfikisha mbele ya sheria, huyo ameuza amana ya mtaa mzima.

Nne, tuwafungulie mlango wanaotaka kutoka. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Uamuzi huo ulipitishwa mwaka 2017, na baadaye ukaongezwa muda hadi mwaka 2030. Mwaka 2023 Serikali yetu ilitoa Septemba na Oktoba: mtu apeleke silaha polisi, ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mtendaji wa kata, na asishtakiwe kwa kuimiliki. Msamaha una tarehe zake na masharti yake, sikilizeni matangazo, na msibebe silaha barabarani kabla ya kutoa taarifa. Anayeogopa kwenda peke yake amwendee mzee anayemwamini amsindikize. Wazee, akiwajia mtu wa namna hiyo, msimkemee wala msimsimange. Amekuja kutubu, na mlango wa toba haulindwi na mwanadamu.

Na wewe unayejua silaha ya ndugu yako ukasema unamsitiri: kumsitiri Muislamu aibu yake ni ibada, lakini aibu ni jambo linalomhusu yeye na Mola wake. Bunduki inawahusu watoto wa watu. Mtume alisema tumsaidie ndugu yetu akidhulumu na akidhulumiwa. Masahaba wakauliza, anayedhulumu tumsaidieje? Akawafundisha kwamba kumsaidia ni kumzuia. Basi mwendee kwanza kwa siri na kwa upole. Akikataa, peleka habari panapostahili kabla hajafika pabaya.

Ndugu zangu wa Kashaulili, nawaombeni mambo matatu. Leo jioni, kila mwenye nyumba aijue dari yake, stoo yake na chini ya vitanda vyake. Wiki hii, kila mmoja amwulize mwenyekiti wa mtaa wake mkutano ujao ni lini, na aende, na mkewe aende, na kijana wake aende. Na mwezi huu, wazee wa msikiti tukae na majirani zetu Wakristo, wafugaji, wakulima na madereva wa bodaboda, tuulizane sote, kwa sababu risasi haichagui dini. Anayemuua mtu mmoja bila haki, Qur'ani katika Sura ya Al-Maida inamhesabu kama aliyewaua watu wote, na anayeokoa mmoja kama aliyewaokoa wote. Thawabu hiyo iko mlangoni kwako. Usiiache ikapita.

Ewe Mola wetu, ulinde mji wetu, waongoe vijana wetu, wape ujasiri wenye siri nzito, wape uadilifu wenye mamlaka, na utujaalie tuwe watu wa shura. Amin.